"Haijaisha" Haitoshi Kaunta ya Ndege

Wiki iliyopita, kwa mara nyingine, mteja aliniwekea pasipoti mezani ofisini kwangu hapa Mwanjelwa, Mbeya, akagusa tarehe ya mwisho kwa kidole na kusema, "Mwanangu, si unaona haijaisha?" Ilikuwa imebakiza miezi mitano, naye alitaka tiketi ya Dubai. Katika kazi hii ya kukata tiketi hakuna kauli ninayoiogopa kama hiyo.

Tarehe ile ni neno la Tanzania pekee, ilhali nchi unayokwenda ina sharti lake. Falme za Kiarabu, iliko Dubai, India na China hutaka pasipoti iwe na miezi 6 mbele yake. Nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zenye viza ya pamoja, hutaka miezi 3 baada ya siku utakayoondoka kwao, tena iwe imetolewa ndani ya miaka 10. Afrika Kusini hutaka siku 30 baada ya ziara kwisha. Hata sisi humdai mgeni miezi 6. Mgeni anaweza kulazwa hospitalini au kukwama kwa sababu nyingine, na mwenyeji hataki kubaki na mtu ambaye hati yake imekufa mikononi mwake.

Kinachonisumbua zaidi ni jibu linalofuata: "Mbona viza nimepewa?" Mama mmoja mfanyabiashara aliomba viza pasipoti yake ikiwa na miezi 6 na wiki tatu, akaipata, kisha akaahirisha safari kwa wiki tano akisubiri fedha za mzigo. Uwanja wa ndege wa Songwe, hapa Mbeya, hakuna aliyemuuliza, kwa kuwa safari ya ndani haihusu tarehe hiyo. Alizuiwa Dar es Salaam, kwenye kaunta ya shirika la ndege, kabla hata ya kufika kwa maofisa wa Uhamiaji. Viza yake ilikuwa halali. Pasipoti ndiyo iliyokuwa imepungukiwa njiani. Alisihi sana, lakini shirika linalompeleka abiria asiyekubalika hulazimika kumrudisha kwa gharama za shirika lenyewe na mara nyingi hutozwa faini, kwa hiyo kijana wa kaunta hana huruma anayoweza kuitoa. Tiketi ile niliikata mimi, nikakagua jina na namba bila kuhesabu miezi, na hadi leo jambo hilo linaniuma.

Nakiri kwamba hesabu yenyewe si nyoofu kama inavyoandikwa. Wapo wanaohesabu tangu siku ya kuingia, wapo wanaohesabu tangu siku ya kutoka, na nimeona wahudumu wawili wakitofautiana kwa sababu mmoja alihesabu miezi ya kalenda na mwingine siku. Ndiyo maana sasa sikati tiketi ya kwenda nchi za miezi 6 kwa pasipoti iliyo chini ya miezi 7, ingawa huenda nimewasumbua watu ambao wangepita salama.

Kuhuisha si kugongewa mhuri wa kuongeza miaka. Unajaza fomu kwenye tovuti ya Uhamiaji, unalipa shilingi 150,000, unakwenda ofisi ya mkoa na kitabu cha zamani pamoja na kitambulisho cha taifa cha NIDA, unachukuliwa alama za vidole, na unachopewa ni kitabu kipya chenye namba mpya. Viza ya kielektroniki iliyobeba namba ya zamani ishughulikiwe kabla ya siku ya safari.

Sisi wa huku tumezoea mipaka ya Kasumulu, upande wa Malawi, na Tunduma, upande wa Zambia, ambako hati ya dharura humvusha mtu kwenda kwa jirani, na pengine ndiyo sababu hesabu hii inatuponyoka. Pasipoti za kielektroniki zilizinduliwa tarehe 31 Januari 2018, nazo hudumu miaka 10. Mwenye kitabu cha Machi mwaka ule anaiona 2028 iko mbali, lakini kwa safari ya Dubai au India kitabu hicho kinafika mwisho Septemba 2027.