Kompositi za ndege zinazorekebishika na kurejelezeka ni zipi?

Kompositi ya polima ni nyuzi imara, aghalabu za kaboni au za kioo, zilizoshikanishwa kwa plastiki. Nyuzi hubeba mzigo. Plastiki huzishika zisitawanyike. Ukipanda Dash 8-400 ya Air Tanzania pale Tabora, unaiona kwa macho: bodi kwa sehemu kubwa ni alumini, lakini yale mapanga sita ya kila propela ni kompositi. Kwenye Boeing 787 kompositi hufika karibu nusu ya uzito wa muundo mzima.

Plastiki inayotumika zaidi ni epoksi. Ikishakauka, molekuli zake hufungamana zikawa wavu mmoja usioyeyuka tena. Ndiyo nguvu yake, na ndiyo tabu yake. Spana ikiangukia bawa, juu huenda ikabaki alama ndogo tu, kumbe ndani tabaka zimeachana. Fundi hawezi kuziyeyusha aziunge. Inabidi apime kwa mawimbi ya sauti uharibifu umefika wapi, asage tabaka moja baada ya nyingine kwa mteremko, apachike kiraka, akifunike kwa mfuko ulionyonywa hewa, kisha akipashe moto kwa saa kadhaa. Muda wote huo ndege imelala. Kipande kikichakaa kabisa, njia iliyozoeleka ya kuokoa nyuzi ni kuiunguza plastiki kwa joto kali pasipo oksijeni, na nyuzi hutoka fupi, nguvu zimepungua.

Dawa ni kubadilisha plastiki yenyewe. Themoplastiki kama PEEK haina wavu huo: huyeyuka na kuganda tena kama nta wanayoichuja warina asali wa Tabora, ila inahitaji joto la sentigredi 343, na mitambo ya kuhimili joto hilo ni ghali. Faida yake ni kwamba vipande huchomelewa badala ya kupigwa ribiti. Kingo za mbele za mabawa ya Airbus A380 zina themoplastiki yenye nyuzi za kioo.

Kinachonipa matumaini zaidi ni plastiki ya aina nyingine iitwayo vitrima, iliyotangazwa mwaka 2011 na mtafiti Ludwik Leibler na wenzake huko Ufaransa. Wavu upo, lakini ukipata joto vifungo vyake hubadilishana nafasi bila wavu kukatika. Tabaka zilizoachana zinaweza kubanwa kwa moto zikashikana upya. Baadhi ya vitrima huyeyushwa kwa kemikali na nyuzi zikatoka nzima. Kwa kiwanja kilicho mbali na karakana kubwa, kama Kigoma, hilo si jambo dogo. Ila kabla ya kuwekwa kwenye bawa, lazima ithibitike kwamba vifungo hivyo havilegei ndege ikishinda juani.