"Alipasuliwa Utotoni" Si Sawa na "Amepona"

Nimeletewa tena barua ya rufaa: "Alifanyiwa upasuaji wa tetralojia ya Fallot utotoni, akapona. Sasa moyo unashindwa kufanya kazi, chanzo hakijulikani." Hakijulikani vipi, nawe umekiandika mstari wa kwanza? Fallot ni kasoro za moyo ambazo mtu huzaliwa nazo.

Upasuaji ule ulirekebisha, haukuponya. Wengi wa Fallot hubaki na valvu ya mapafu inayovuja. Damu iliyokwisha kusukumwa inarudi, ventrikali ya kulia (chumba cha chini cha moyo kinachosukuma damu mapafuni) inatanuka kidogo kidogo kwa miaka 20 au 30, mwenyewe hana habari. Ukimuuliza atasema yuko sawa tu, maana tangu azaliwe hajaijua pumzi ya wenzake. Kwa hiyo mimi humpandisha baiskeli ya kupima uwezo wa moyo na pumzi kwanza, ndipo tuzungumze.

Sasa dawa, hapa ndipo ninapokereka. Mtu anaandikiwa furushi zima la dawa za moyo kabla hata valvu haijaangaliwa. Valvu inayovuja haizibwi na kidonge! Na dawa hizo zilithibitishwa hasa kwa watu ambao ventrikali ya kushoto, inayosukuma damu mwilini, ndiyo iliyochoka. Aliyefanyiwa upasuaji wa Mustard au Senning, ule wa waliozaliwa na mishipa mikuu ya moyo imebadilishana nafasi, ventrikali ya kulia ndiyo inayolisha mwili mzima. Valsatani, mojawapo ya dawa hizo, ilijaribiwa kwa watu wenye moyo wa namna hiyo, matokeo yakatoka 2013: nguvu ya ventrikali haikuonyesha nafuu ya kueleweka. Je, bado naziandika? Akiwa na dalili, naziandika, huku nikijua ushahidi ni wa kuazima.

Wa Fontan, yaani upasuaji wa waliozaliwa na ventrikali moja tu inayofaa, ndio kabisa. Hana ventrikali ya kupeleka damu mapafuni. Damu ya vena, ile inayorudi kutoka mwilini, inakwenda huko kwa shinikizo lake yenyewe. Ukimkamua maji kupita kiasi kwa sababu miguu imevimba, presha inaporomoka na uchovu unazidi. Tumbo likijaa maji, mtazame na ini.

Halafu mapigo. Akija na mapigo 120, akilala ni 120, akitembea ni 120, tafadhali usimwambie ana wasiwasi. Hiyo ni hitilafu ya umeme wa atria, vyumba vya juu vya moyo, mpaka kipimo kikuhakikishie vinginevyo, na moyo wa Fontan hauivumilii kwa muda mrefu. Apimwe umeme wa moyo saa hiyo hiyo, na kabla ya kumpiga shoti ya umeme ya kurekebisha mapigo tafuta damu iliyoganda ndani ya atria, maana huganda hata kwa vijana. Mapigo yakirudi kwenye mstari, mara nyingi ule "moyo ulioshindwa" nao unapata nafuu, na nusu ya furushi la dawa halihitajiki tena.