Kwa nini wakulima wa Kansas waliwazuia makauboi wa Texas kwa bunduki?

Anayesoma riwaya za kihistoria za Magharibi ya Marekani hulikuta tukio hili tena na tena. Kundi la ng'ombe elfu mbili au tatu, wenye pembe ndefu, limeswagwa kutoka Texas kwa wiki nyingi. Limevuka mito iliyofurika na wachungaji wamechoka. Wanapokaribia mpaka wa Kansas au Missouri wanakuta wanaume wenye bunduki wamekaa njiani, na amri ni moja: rudini mlikotoka.

Waandishi wengi hueleza tukio hilo kwa chuki iliyoachwa na vita, au kwa ujambazi, au kwa wivu wa mkulima mwenye uzio dhidi ya mchungaji asiye na uzio. Vyote hivyo vilikuwepo. Lakini aliyewasimamisha makauboi wale kwa sehemu kubwa alikuwa kupe, mwenezaji wa ugonjwa wa ng'ombe ulioitwa homa ya Texas, na kisa chake kinastaajabisha kuliko mapigano yote yaliyoandikwa juu ya mpaka ule.

Maelezo ya vita yanaaminika kwa urahisi kwa sababu yana ukweli ndani yake. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimeisha mwaka 1865. Texas ilipigana upande wa Kusini, Kansas upande wa Kaskazini, na mpaka wa Kansas na Missouri ulikuwa umechomwa moto mara nyingi hata kabla ya vita kutangazwa. Mwaka 1866 kijana mmoja wa Texas, James Daugherty, alikamatwa na watu wenye silaha kusini-mashariki mwa Kansas, akafungwa kwenye mti na kuchapwa. Kuna watu waliojificha nyuma ya sheria za mifugo ili waibe ng'ombe au wadai fedha. Mwandishi wa riwaya akiwa na tukio kama hilo mkononi, hana haja ya kutafuta sababu nyingine.

Ila ratiba ya matukio haikubaliani na maelezo hayo. Missouri, jimbo lililoruhusu utumwa na lenye watu wengi waliokuwa na asili ya Kusini, lilianza kuyafukuza makundi ya Texas katika miaka ya 1850, wakati vita bado havijapiganwa. Mwaka 1855 lilitunga sheria ya kukataza ng'ombe wagonjwa wasipitishwe. Sheria ile haikufua dafu, maana ng'ombe wa Texas hawakuwa wagonjwa. Walikuwa wakakamavu, wanatembea vizuri na kula vizuri. Waliokufa ni ng'ombe wa wenyeji, tena wiki kadhaa baada ya wageni kupita.

Kisha tazama miezi. Sheria ya Kansas ya mwaka 1867 ilizuia ng'ombe wa Texas kuingia sehemu ya mashariki ya jimbo kati ya Machi na Desemba. Wakati wa baridi njia ilikuwa wazi. Hakuna uhasama wa kisiasa unaofuata majira namna hiyo. Wakulima walikuwa wameona kwa macho yao kwamba jalidi ikishaanguka, vifo vinakoma, nao wakaandika sheria kulingana na walichokiona, ingawa hakuna aliyeweza kueleza sababu. Wapo waliosema ni pumzi ya ng'ombe wa Texas, au mate, au kinyesi, au sumu ya mimea waliyoila huko kwao. Wachache waliotaja kupe hawakusikilizwa.

Biashara yenyewe inaelezeka kwa maneno machache. Baada ya vita Texas ilikuwa na ng'ombe wengi mno na wanunuzi wachache. Ng'ombe aliyeuzwa dola 4 hivi huko aliweza kufika dola 40 kwenye masoko ya Kaskazini. Reli ilikuwa inasonga magharibi kupitia Kansas. Mfanyabiashara Joseph McCoy alijenga mazizi pembeni ya reli katika kijiji cha Abilene, na mwaka 1867 ng'ombe wapatao 35,000 walipakiwa hapo kwenye mabehewa. Abilene yenyewe ilikuwa ndani ya eneo lililokatazwa, lakini serikali ya jimbo ilifumba macho.

Tuje kwa kupe. Aina hii huishi maisha yake yote juu ya mnyama mmoja. Hupanda akiwa mchanga, hunyonya damu, hukua na kupandana hapohapo. Jike akishashiba hudondoka majanini, hutaga mayai kwa maelfu, kisha hufa. Baada ya wiki kadhaa mayai huanguliwa, na kupe wachanga hupanda kwenye ncha za majani kungoja mnyama apite. Ikiwa mama yao alinyonya damu yenye vimelea vinavyoitwa Babesia, vimelea vile huwa vimepenya hadi ndani ya mayai. Watoto huzaliwa wakiwa tayari na uwezo wa kuambukiza, hata kama katika maisha yao hawajawahi kugusa ng'ombe yeyote.

Kundi la Texas, basi, lilipita kama mpanzi anayesia mbegu huku anatembea. Siku ya kusia hakuna kinachoonekana juu ya ardhi. Mpanzi anakwenda zake, anafika kwenye reli, anauza, analipwa, anarudi kwao. Mwezi unapita, mbegu zinaota, na wanaovuna ni ng'ombe wa mwenye shamba. Mkulima anapouliza nani alipanda, anakumbuka kundi lenye afya njema lililopita mwezi wa Juni, na mwenye kundi anaapa, kwa haki kabisa, kwamba hajawahi kuona ng'ombe wake hata mmoja akiugua. Jalidi ikianguka inaua mbegu zilizobaki ardhini, ndiyo maana mashamba ya Kaskazini yalianza kila masika yakiwa safi, yakisubiri kuambukizwa upya.

Limebaki swali la kwa nini wa Texas hawakuugua. Vimelea hivi huharibu chembe nyekundu za damu. Ng'ombe mzima ambaye hajawahi kukutana navyo hushikwa na homa kali, mkojo wake hugeuka mwekundu, na mara nyingi hufa baada ya siku chache. Ndama hustahimili. Akiumwa na kupe hao angali mdogo, huugua kidogo au haonyeshi dalili kabisa, halafu hubaki na kinga. Texas ya kusini haina baridi ya kuua kupe, kwa hiyo kila ndama aliumwa mapema. Mfugaji wa Afrika Mashariki ataitambua hali hii mara moja: ng'ombe wa kienyeji anadunda kwenye malisho yenye kupe, na ng'ombe wa kisasa aliyeletwa kutoka mahali pasipo na kupe anaanguka.

Ukishalijua hili, ramani ya riwaya hizi inasomeka upya. Mwaka 1868 maelfu ya ng'ombe walikufa Illinois na Indiana baada ya ng'ombe wa Texas kupelekwa huko, na shinikizo la karantini likaongezeka. Mstari wa karantini ndani ya Kansas ukawa unasukumwa magharibi kadiri wakulima walivyojaza ardhi, na miji ya ng'ombe ikahama nao. Hadithi inayoishia Abilene ni ya kati ya 1867 na 1871. Ikiishia Ellsworth au Wichita, tuko katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1870. Dodge City ilishika nafasi kuanzia mwaka 1876, baada ya mstari kuipita Wichita. Mwaka 1885 Kansas ililifunga jimbo zima, na zama za Dodge City kama mji wa ng'ombe zikaisha. Kupe hakuwa sababu pekee ya mwisho huo. Seng'enge ilikuwa imeenea, na wafugaji wa Kaskazini walinufaika bei ilipopanda kwa kukosekana ng'ombe wa Texas. Ni vigumu kupima kila sababu ilichangia kiasi gani, ila waliotaka njia ifungwe kwa faida yao walikuwa na ugonjwa wa kweli wa kuonyesha.

Uthibitisho ulichelewa. Kuanzia mwaka 1889 Theobald Smith na F. L. Kilborne, wakifanya kazi katika ofisi ya serikali ya afya ya mifugo, waligawanya viwanja karibu na Washington. Katika kiwanja kimoja waliweka ng'ombe wa Kusini wenye kupe pamoja na ng'ombe wa Kaskazini. Wa Kaskazini waliugua. Katika kingine waliwabandua ng'ombe wa Kusini kupe wote kwanza, hakuna aliyeugua. Katika cha tatu hawakuweka ng'ombe wa Kusini hata mmoja, walimwaga kupe tu majanini, na ng'ombe wa Kaskazini wakaugua. Jaribio hili la tatu ndilo linalonivutia zaidi, kwa sababu ndiyo ile njia ya Missouri yenyewe: mnyama ameshaondoka, ugonjwa umebaki. Ripoti yao ilitoka mwaka 1893, miaka 4 kabla Ronald Ross hajaviona vimelea vya malaria ndani ya mbu.

Mwaka 1897 Robert Koch alikuwa Dar es Salaam akichunguza maradhi ya mifugo ya koloni la Wajerumani, naye akathibitisha kwa ng'ombe wa huku kwamba homa ya Texas huenezwa na kupe. Hapohapo aliona kwenye damu vimelea vidogo zaidi, akavihesabu kuwa hatua mojawapo ya ugonjwa uleule. Baadaye ilibainika ni ugonjwa tofauti, ule ambao wafugaji wetu wanauita ndigana kali, unaoenezwa na kupe wa aina nyingine.

Huko Marekani vita vya kupe vilihamia Kusini. Kuanzia mwaka 1906 serikali iliwalazimisha wafugaji kuogesha ng'ombe kwenye majosho yenye dawa ya aseniki, na katika baadhi ya kaunti wakulima wadogo waliyalipua majosho kwa baruti. Walikuwa na ng'ombe wachache wenye kinga tayari, wakaona wanatozwa jasho na fedha kwa faida ya wafugaji wakubwa wanaouza mbali. Kisa hiki kina hasira, umaskini, serikali na baruti, na kinastahili waandishi wengi zaidi wa riwaya za Kusini kuliko waliokigusa. Kufikia mwaka 1943 kupe yule alikuwa ametokomezwa nchini kote, isipokuwa ukanda mwembamba wa karantini kwenye mpaka wa Texas na Mexico. Ukanda huo upo hadi leo, na watumishi wa serikali huuzunguka wakiwa juu ya farasi kando ya mto Rio Grande, wakikamata ng'ombe waliovuka na kuwapapasa ngozi kutafuta kupe.