Kuchelewa kupanda kunasingiziwa mengi

Huku Busia, upande wetu wa Uganda, mvua ya pili ikifika katikati ya Novemba na wewe hujapanda, kila mtu anakuwa mwalimu. Umechelewa, wacha, subiri Machi. Halafu ukipanda tu kwa ubishi na nyanya ikaugua, wanakuangalia hivi: si tulikwambia? Yaani hata magonjwa yasiyojua kalenda yanawekwa kwenye hesabu ya kuchelewa.

Eti Novemba hakuna cha kupanda. Ushauri mwingi tunaousoma kwenye simu ni wa watu wa Ulaya na Marekani, kule msimu unaisha sababu baridi inagandisha mboga shambani. Sisi ikweta inapita hapo Kayabwe, barabara ya Masaka, jua tunalo karibu masaa 12 mwaka mzima. Kinachotuishia ni maji. Kwa hiyo usiulize leo tarehe ngapi, uliza mvua iliyobaki itafikisha nini. Dodo, yaani mchicha, ukimwaga mbegu leo, wiki tatu nne unang'oa unakula na posho, ugali wetu. Sukuma ukishahamisha miche inataka kama wiki sita mpaka nane ndio uanze kuchuma, hapo uwe na jerikeni za kumalizia. Nyanya ni karibu miezi mitatu toka kuhamisha, kama huna kisima karibu usijidanganye. Lakini mwenye maji, nyanya ya kiangazi ina nafuu yake, sababu ule ukungu unaobabua majani na shina kama limemwagiwa maji ya moto unapenda majani yaliyolowa na ubaridi, kukikauka unapoteza nguvu. Wanaokuja ni utitiri na nzi weupe, hao geuza jani uangalie chini.

Eti nyanya ikinyauka inataka maji. Hii ilinila mimi mwenyewe. Mche mmoja, majani mabichi kabisa, mchana umelala, jioni unajiinua kidogo, nikasema kiu, nikaongeza maji, siku ya tatu haukuamka. Nikaenda dukani, kijana akanipimia dawa ya ukungu kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, haina hata lebo, nikapiga, na mingine minne ikalala. Ndio mzee mmoja jirani akaja akakata shina karibu na udongo, akaniambia leta glasi ya maji safi, akalitumbukiza ile ncha iliyokatwa, tukatulia dakika chache, mara tunaona kitu cheupe kinashuka taratibu kama nyuzi za maziwa. Akasema mwanangu, pesa yako imeenda. Huo ni mnyauko wa bakteria, unakaa kwenye udongo, hakuna dawa ya kupuliza inayoutibu, na mimi na maji yangu nilikuwa nausambaza tu kutoka shina hili kwenda lile. Unang'oa na mizizi, unachoma, unaosha jembe. Na pale usirudishe nyanya wala jamaa zake miaka miwili mitatu. Pilipili, biringanya na viazi vya kizungu wengi wanajua, lakini nakati, ile mboga ya majani, na ntula, yaani nyanya chungu, nazo ni ukoo huohuo, hapo ndipo watu wanaponaswa.

Eti nyanya yenye kitako cheusi ina ugonjwa, piga dawa. Hapana jamani. Ule weusi unaodidimia chini ya tunda ni chokaa, ile kalsiamu, haijafika kwenye tunda, na mara nyingi udongo unayo ila maji unatoa leo ndoo tatu halafu siku tano hakuna kitu, na kalsiamu inasafiri na maji. Toa yaliyoharibika, mwagilia kwa kipimo kimoja, funika udongo na majani makavu ya migomba, matunda yanayofuata yatatoka mazuri. Maganda ya mayai yanaoza polepole sana, hayataokoa hizo nyanya ulizonazo sasa hivi.

Majivu je? Yanasumbua vidukari kidogo, sawa, ukungu hayatibu, na ukimwaga kila wiki unaharibu udongo.

Eti ukimwagilia saa saba mchana matone yanachoma majani. Hayachomi, ila jua linakunywa maji uliyobeba kichwani. Mbaya zaidi ni kumwagia majani jioni yakalala yamelowa, huo ukungu niliosema hapo juu unakushukuru. Mimi namwaga asubuhi, chini kwenye shina.

Pale zilipofia nyanya zangu sasa kuna sukuma, nimeihamishia hapo Novemba hiihii. Jana jirani kapita, kasimama kwenye ua, katikisa kichwa, umechelewa wewe. Halafu kaniomba dodo ya kupika jioni, nikamng'olea fungu.