Je, wajua? Kwa nini BBC iliukataza viwandani wimbo wa kupiga makofi?

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kuna wimbo wa Kimarekani uliokuwa ukivuma sana Uingereza, "Deep in the Heart of Texas", ambao BBC iliuondoa kwenye kipindi chake cha wafanyakazi wa viwandani. Haukuwa na matusi wala siasa. Kosa lake lilikuwa makofi manne ya harakaharaka ambayo msikilizaji hushindwa kujizuia kuyapiga kila yanapofika. Sebuleni hakuna ubaya. Lakini fundi aliyesimama mbele ya mashine akiacha kazi apige makofi, au akiigonga mashine kwa spana ili asipitwe na mdundo, hapo kuna hasara.

Kipindi chenyewe kiliitwa Music While You Work, na kilianza tarehe 23 Juni 1940. Majuma machache nyuma, jeshi la Uingereza lilikuwa limeokolewa kwa meli na mashua kutoka Dunkirk, likaacha Ufaransa silaha na magari chungu nzima. Viwanda vikatakiwa kufidia pengo hilo usiku na mchana. Kazi nyingi zilikuwa za kujirudia: chukua kipande, toboa, weka kando, chukua kingine, mpaka jioni. Akili inalala kabla ya mikono. Jambo hilo lilikuwa limeshachunguzwa. Mwaka 1937 watafiti wawili, Wyatt na Langdon, walitoa ripoti juu ya uchovu na kuchoshwa na kazi za namna hiyo, na muziki ulikuwa miongoni mwa tiba walizozijaribu.

Basi BBC ikatenga nusu saa mara mbili kwa siku, saa nne na nusu asubuhi na alasiri, nyakati ambazo mtu huanza kulegea. Wa zamu ya usiku nao wakaja kuwekewa chao. Muziki ulipita kwenye vipaza sauti vilivyofungwa ukumbi mzima.

Mtu anaweza kudhani lengo lilikuwa kuwaharakisha watu kwa mdundo, kama nyimbo za kutwangia kinuni. Sivyo, na hapa ndipo penye utamu wa habari hii. Wanaotwanga pamoja wanafanya kazi moja, kwa hiyo wimbo unaweza kuwapangia mwendo wa mchi. Redio ilikuwa ikisikika kwa mpigo mmoja kwa anayeshona parachuti na kwa anayechonga chuma. Mwendo gani ungewafaa wote? Isitoshe, aliyepanga mwendo kiwandani ni mashine. Muziki ulikuwa wa kuchangamsha kichwa tu, mikono iachwe na kazi yake.

Kutokana na hilo zikaja kanuni ambazo wanamuziki bila shaka waliziona ni mateso. Sauti iwe ya kiwango kimoja mwanzo hadi mwisho, kwa sababu pakipigwa kwa sauti ya chini yenye hisia, ngurumo za mashine zinameza kila kitu. Melodia isikike waziwazi, iwe ile watu wanayoijua. Valsi za taratibu za kuleta usingizi hazikutakiwa. Waimbaji waliwekwa kando, maana maneno huvuta masikio. Mpiga ngoma naye asigonge ukingo wa ngoma kwa fimbo: mlio wake ungeweza kudhaniwa ni risasi, na nchi ilikuwa vitani.

Halafu bendi ilipiga mfululizo, wimbo ukiingia ndani ya mwingine bila mtangazaji kukatiza. Santuri za wakati ule zilidumu kama dakika tatu kila upande, kwa hiyo zingeleta mapengo. Tena kampuni za santuri na chama cha wanamuziki walikuwa wamebana saa ambazo BBC iliruhusiwa kupiga muziki uliorekodiwa, sababu iliyofanya redio ya Uingereza ya miaka hiyo iajiri bendi nyingi kiasi kile.

Vita viliisha mwaka 1945, kipindi kikabaki. Kilihamia Light Programme, idhaa ya burudani iliyoanzishwa Julai mwaka huohuo, na ukitazama ratiba ya idhaa hiyo kwenye mwaka 1950 utaona siku nzima imekatwa kwa kufuata kazi za watu. Saa nane kasorobo mchana, robo saa ya hadithi kwa watoto wadogo. Saa nane kamili, mtoto akidhaniwa ametulia, mama anafunguliwa Woman's Hour, kipindi cha wanawake. BBC ilikuwa pia na Workers' Playtime, burudani iliyorushwa kutoka kantini za viwanda wakati wa chakula cha mchana. Hiyo ilianza 1941, na wakati wa vita mtangazaji hakutaja kiwanda kiko wapi, adui asije akajua pa kuangusha bomu.

Music While You Work kiliendelea hadi tarehe 29 Septemba 1967. Kesho yake BBC ilipanga upya idhaa zake, ikafungua Radio 1 ya muziki wa vijana, na Light Programme ikageuka Radio 2.