Mpanda farasi wa mazoezi naye ni fundi

Siku ya mashindano katika Uwanja wa Ngong, macho yote humfuata joki aliyevaa hariri za rangi. Watazamaji hawamwoni yule aliyempanda farasi huyohuyo asubuhi za juma zima, kukiwa bado na giza upande wa msitu na magari ya kuelekea mjini ndiyo kwanza yanaanza kujazana Ngong Road. Huyo ndiye mpandaji wa mazoezi. Shindano lenyewe huisha kwa dakika moja au mbili hivi, ilhali maandalizi yake huchukua miezi. Farasi akiharibiwa mazoezini, hakuna joki atakayemtengeneza siku ya mbio.

Nikiwa mtaalamu wa mafunzo ya ufundi na usalama kazini, nawaandikia vijana walioajiriwa kwenye mabanda ya farasi jijini Nairobi, wazazi wao, na wenye farasi. Uwanja wa Ngong ulifunguliwa mwaka 1954, na mbio nchini husimamiwa na Jockey Club of Kenya. Kazi ya kupanda asubuhi, hata hivyo, kwa sehemu kubwa hufunzwa kwa kuangalia. Kijana huanza kama saisi, akabeba maji na kusafisha banda, akapiga farasi brashi, hadi siku moja anaambiwa apande. Wengi wametokea kuwa hodari kwa njia hiyo. Lakini mtu aliyejifunza kwa kuangalia hujua kufanya bila kujua sababu, na anapokwenda kuomba kazi kwingine hana karatasi ya kuonyesha.

Nchi zenye mbio kubwa zilishaigeuza kazi hii kuwa fani yenye chuo. Uingereza wana chuo pale Newmarket na kingine Doncaster. Ireland walianzisha chao Kildare mwaka 1973. Kentucky, Marekani, joki mstaafu Chris McCarron alianzisha chuo mwaka 2006. Na hapa Afrika kipo cha Summerveld, karibu na Durban, kinacholea majoki. Mwanafunzi kwa kawaida huanzia chini: kwato, malisho, matandiko, namna ya kumwongoza farasi bila kukanyagwa. Kisha huketishwa juu ya farasi wa mashine, ambako miguu hutetemeka kwa uchovu bila kumhatarisha yeyote. Baada ya hapo hupewa farasi wazee, watulivu, waliostaafu mbio. Farasi mchanga mwenye moto ndiye wa mwisho kabisa.

Mikono ndiyo somo refu kuliko yote. Farasi wa mbio ana uzito wa takriban kilo 500, na hakuna binadamu anayeshindana naye kwa nguvu. Anayeanza, farasi akivuta, naye huvuta. Farasi huegemea lijamu, kile chuma cha mdomoni, na kuzidisha mwendo, na hapo ndipo watu hubebwa mzobemzobe hadi mwisho wa uwanja. Mwalimu mzuri humfundisha kukunja hatamu zipishane juu ya shingo, kila mkono ukishika zote mbili, halafu ngumi zitulie pale mbele ya tandiko. Sasa farasi akivuta anavutana na shingo yake mwenyewe, na mpandaji hapotezi nguvu. Uzito unashuka kwenye visigino, magoti yanakuwa laini, mgongo unanyooka, makalio yanainuka kidogo tu juu ya tandiko. Vikuku, yaani vyuma vya kukanyagia, vya mazoezi havipandishwi juu kama vya siku ya mbio, kwa sababu kazi ya asubuhi inadai usalama zaidi. Farasi akishtuka ghafla, mkono ukimbilie singa za shingo au mkanda wa shingoni, usining'inie kwenye hatamu ukamchana mdomo.

Linalofuata ni mwendo. Mkufunzi wa farasi akisema mita 200 ziende kwa sekunde 15, hiyo ni kasi ya kilomita 48 hivi kwa saa. Zikienda kwa sekunde 12, imeshafika 60, nayo ni kasi ya mashindano. Tofauti ni sekunde 3 tu, na mpandaji hana saa mkononi ya kutazama. Lazima saa iwe kichwani mwake. Hujifunza kwa kuhesabu kimyakimya kutoka mlingoti mmoja wa kuonyesha umbali hadi mwingine, akitua anataja alichokisia, kisha mwenye saa anamwambia kilichotokea. Hurudia hivyo asubuhi baada ya asubuhi mpaka makisio na saa vikutane.

Sekunde hizo zina uzito kwa sababu ya mifupa. Farasi wa miaka 2 bado anajijenga, na mfupa wake huimarika kulingana na kazi unayopewa, iwapo kazi inaongezwa kidogokidogo na kupata mapumziko. Akikimbizwa kupita kiasi mara kwa mara, nyufa ndogo zisizoonekana hujikusanya ndani ya mfupa. Bandu bandu huisha gogo. Mivunjiko mingi inayoonekana siku ya mbio kama ajali ya ghafla ilikuwa imeanza zamani, mazoezini.

Ndiyo maana naamini kiini cha mafunzo haya ni kuhisi, na kusema ulichohisi. Kukaa juu bila kuanguka ni hatua ya kwanza tu. Kabla ya kufunga tandiko, kiganja kipite nyuma ya miguu ya mbele, juu ya kano, kutafuta joto au uvimbe ambao jana haukuwapo. Farasi akienda matiti, ule mwendo wa kati kabla ya kukimbia, kwenye ardhi ngumu, tazama kichwa: mguu wa mbele ukiuma, kichwa hupanda unapokanyaga, na hushuka mguu mzima unapotua. Ukiwa juu yake sikiliza pumzi, kwa kuwa farasi anapokwenda shoti, yaani mbio kamili, huvuta pumzi moja kwa kila hatua, na mdundo huo ukivurugika kuna jambo. Akiwa na homa, asifanye kazi kabisa. Ugonjwa wa farasi wa Kiafrika, unaoenezwa na usubi wa jioni na alfajiri, upo nchini mwetu, nao hushambulia mapafu na moyo. Chanjo ni jukumu la mwenye farasi na daktari wake, lakini joto la mwili kupanda huonwa kwanza na saisi.

Basi kijana amehisi. Je, atasema? Hapa ndipo mabanda mengi hukwama. Anayelipwa kwa siku anaogopa kwamba akisema farasi hayuko sawa, kesho atapandishwa mwingine asiyekuwa na maneno. Ananyamaza, na farasi anatoka tena. Chuo kinachofaa hufanyia zoezi hata kusema huko, kwa maneno mafupi na bila kujitia daktari: "Mzee, huyu leo anaegemea kulia, na tukigeuka kushoto anakataa kubadilisha mguu unaotangulia." Hiyo yatosha kumfanya mkufunzi amwite daktari wa mifugo. Nawaomba wenye farasi wasikie jambo hili kwa moyo mkunjufu: kijana anayekuletea habari mbaya saa moja asubuhi anakuokolea mali na uhai, na haifai akatwe posho.

Kuhusu vifaa sitakawia. Helmeti ya bodaboda haikutengenezwa kwa maanguko ya farasi. Helmeti ya kupandia iliyopigwa mara moja imemaliza kazi yake hata kama nje haina ufa, kwa hiyo ile ya mtumba kutoka Gikomba usiitegemee, kwani hujui imeanguka mara ngapi. Fulana ya kinga ivaliwe kila asubuhi, hata na wazoefu. Aliyegonga kichwa hapandi tena siku hiyo, ajisikie mzima namna gani.

Ajali ikitokea, sheria ipo. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inamhesabu hata mwanagenzi kuwa mfanyakazi, na inamtaka mwajiri akate bima na kupeleka taarifa serikalini ndani ya siku 7 baada ya kujulishwa, au saa 24 mtu akifariki. Kijana anayepanda bila mkataba wowote wa maandishi anajiweka mahali pagumu pa kudai haki hiyo. Mafunzo yatakayoacha jambo hili nje yatakuwa nusu.

Na cheti? Njia haianzii kwenye kujenga chuo kikubwa. Kenya ina mfumo wa kutambua ujuzi ambao mtu ameupata kazini, unaosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Elimu, na kwa miaka mingi mafundi wamepimwa kupitia mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, iliyoko Industrial Area. Fundi wa magari aliyejifunza gereji hupimwa akapata daraja lake. Mpandaji wa mazoezi anastahili vivyo hivyo. Linalotakiwa ni wakufunzi wa farasi, madaktari wa mifugo, majoki wa zamani na masaisi wenyewe kuketi na wataalamu wa mitaala na kuandika viwango vya kazi hii hatua kwa hatua, toka kwato hadi saa ya kichwani. Masaisi wasikose kwenye meza hiyo, maana wao ndio wanaojua hasa siku ya kazi ilivyo.

Wakati hayo yakisubiriwa, kila banda linaweza kuanza na daftari. Mpandaji aandike tarehe, jina la farasi, kazi aliyoagizwa, muda uliopatikana, na alichohisi mguuni na kwenye pumzi. Mkufunzi atie sahihi kila Jumamosi. Kijana atunze daftari lake nyumbani pamoja na kitambulisho, kwa kuwa siku ya kupimwa ujuzi mtahini ataomba ushahidi wa kazi, na hakuna ushahidi uliokamilika kuliko kurasa zilizotiwa sahihi na aliyekuwa akikutazama ukipanda.