Uwajibikaji wa polisi: askari anamjibu nani?

Ukisikia redioni kwamba kiongozi fulani anatakiwa "awajibike", unaelewa mara moja kinachodaiwa: aachie ngazi. Maana hiyo tumeizoea tangu Januari 1977, Ali Hassan Mwinyi alipojiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani. Huko Mwanza na Shinyanga ilifanyika operesheni ya kukomesha mauaji yaliyohusishwa na imani za uchawi, na baadhi ya watu waliokamatwa wakateswa hadi kufa mikononi mwa vyombo vya dola. Mwinyi hakumgusa mtu, lakini wizara ilikuwa yake, akaondoka. Wakuu wa mikoa hiyo miwili wakaondoka pia.

Mfano huu unatajwa kila mara, na kwa haki. Ila umetuachia tabia ya kudhani kwamba uwajibikaji ni jambo la wakubwa, linalotokea mara moja baada ya maafa. Wanaoshughulika na haki jinai wanaposema uwajibikaji wa polisi wanazungumzia kitu cha kila siku, tena kidogo kidogo. Askari amepewa mamlaka ambayo mimi na wewe hatuna: kukamata, kupekua nyumba, kutumia nguvu, kumfungia mtu mahabusu. Kila anapoyatumia lazima awepo wa kumuuliza umefanya nini na kwa nini, na huyo anayeuliza awe na uwezo wa kuchukua hatua jibu lisipotosha. Anayesikiliza tu bila meno hajamwajibisha mtu.

Tusichanganye hili na nidhamu. Askari anaweza kuwa na nidhamu ya hali ya juu, buti zinang'aa, saluti imenyooka, amri anatekeleza kabla haijamalizika kutamkwa, na bado asiwe na wa kumjibu nje ya wakubwa wake. Nidhamu inamtazama mkubwa. Uwajibikaji unamtazama pia yule aliyekamatwa.

Chukua kijana wa bodaboda aliyekamatwa Tabora mjini Ijumaa saa kumi na moja jioni kwa ugomvi wa kijiweni. Ukutani pale kituoni pana tangazo kwamba dhamana ni bure. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inasema aliyekamatwa bila hati, kwa kosa ambalo adhabu yake si kifo, kama haiwezekani kumfikisha mahakamani ndani ya saa 24, mkuu wa kituo amwachie kwa dhamana, isipokuwa akiona kosa lenyewe ni zito. Sasa ni Ijumaa jioni na mahakama inafunguliwa Jumatatu. Ndugu wanakuja na barua ya mtendaji wa mtaa, wanaambiwa mpelelezi wa kesi hayupo, warudi kesho. Kesho mpelelezi yuko nje ya mji. Jumatatu asubuhi kijana anaachiwa na kesi imekufa.

Hapa hakuna waziri wa kujiuzulu. Kinachohitajika ni daftari la mahabusu lenye jina lake, saa aliyoingia, aliyemkamata, kosa, na saa aliyotoka. Kama saa ya kuingia imeandikwa ilivyokuwa, mtu yeyote mwenye mamlaka akifungua daftari lile wiki ijayo anaweza kuuliza: saa 24 ziliisha Jumamosi jioni, kwa nini alikuwa bado ndani? Kama haikuandikwa, au iliandikwa Jumapili usiku, swali lenyewe halizaliwi. Mimi naona sehemu kubwa ya uwajibikaji wa polisi imelala kwenye kurasa hizo kuliko kwenye hotuba za viongozi.

Tukitoka kituoni tunakutana na muundo. Jeshi la Polisi ni moja kwa nchi nzima. Konstebo yuko chini ya mkuu wa kituo (OCS), naye chini ya mkuu wa polisi wa wilaya (OCD), OCD chini ya kamanda wa polisi wa mkoa (RPC), RPC chini ya Inspekta Jenerali wa Polisi (IGP), na IGP huteuliwa na Rais. Kila jibu linapanda. Halmashauri haina polisi wake. Diwani wa Uyui anaweza kusimama kwenye baraza la madiwani akahoji dawa zinakwenda wapi kwenye zahanati ya kata yake, na mganga mkuu wa wilaya lazima ajibu. Hana baraza la kumhoji OCS kwa nini wizi wa ng'ombe umezidi. Atamwomba kwa heshima, atapigiwa simu, atashirikishwa. Kuwajibishana ni kitu kingine.

Chanzo cha muundo huo kinajulikana. Robert Peel alipounda polisi wa London mwaka 1829, aliwavika sare isiyofanana na ya wanajeshi makusudi, maana Waingereza hawakutaka kulindwa na jeshi barabarani. Waingereza hao hao walipoanzisha polisi wa Tanganyika mwaka 1919, kazi ilikuwa kulinda utawala wa kikoloni dhidi ya watawaliwa. Mkulima wa Unyamwezi hakutarajiwa kuuliza chochote. Baada ya uhuru bendera ilibadilika na viongozi wakawa wetu, lakini mkondo wa majibu ukaendelea kupanda.

Halafu kuna jiografia, na hili wasiofika Tabora hulipuuza. Mkoa una ukubwa wa kilomita za mraba zaidi ya 76,000. Kwa sensa ya 2022 ulikuwa na watu 3,391,679. RPC mmoja anasimamia kuanzia Igunga hadi Kaliua, na kusini huko hadi Kitunda, wilayani Sikonge, ambako masika barabara ina uamuzi wake. Mtu akipigwa panga kwenye mgogoro wa shamba na malisho, majirani hupiga simu kituo kilicho karibu, nao hujibiwa sentensi inayojulikana nchi nzima: gari lipo, mafuta hakuna.

Na hapo ndipo ukosefu wa bajeti unapogeuka kuwa ukosefu wa uwajibikaji, jambo ambalo ripoti nyingi huliweka kwenye sura mbili tofauti kana kwamba hayahusiani. Mlalamikaji anaambiwa achangie mafuta. Anachangia. Pengine ananunua na karatasi za kuandikia maelezo. Si lazima askari awe mla rushwa; huenda kweli anataka kazi iende. Lakini tangu dakika hiyo amekuwa na deni kwa aliyejaza tangi. Mfugaji ana ng'ombe, akiuza dume mmoja mnadani lita zimepatikana. Mkulima wa tumbaku ambaye ng'ombe wameingia shambani mwake hana kitu hadi msimu ulipwe. Gari litakwenda kwa nani kwanza? Na likifika, litasikiliza maelezo ya nani? Hakuna aliyetoa amri ya kumpendelea mtu. Muundo wenyewe umeshaamua.

Kuna na mkono mwingine unaovuruga mstari wa majibu. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inampa mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani hadi saa 48, kwa masharti: kwa kifupi, awe anahatarisha amani au ametenda kosa, na pasiwe na njia nyingine ya kumzuia. Tumeona mara ngapi mwalimu, mtendaji au mwandishi wa habari akiwekwa ndani mkutanoni kwa sababu ameudhi? Anayefunga pingu ni askari. Ukimuuliza, atasema ametekeleza amri. Ukimuuliza mkuu wa wilaya, atasema suala liko polisi. Kila mmoja ana jibu, na aliyewekwa ndani hana wa kumjibu yeye.

Nikisema haya mtu wa Nzega ataniuliza: kwani sungusungu je? Swali lake ni zuri, maana huku kwetu tuna mfano wa upande wa pili kabisa.

Sungusungu walianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 mpakani mwa Tabora na Shinyanga, upande wa Kahama na Nzega, wakati wizi wa ng'ombe na ujambazi umezidi na polisi wako mbali, au wakifika wanaondoka na mshukiwa ambaye wiki ijayo anaonekana tena kijijini. Wanakijiji wakajipanga wenyewe: ntemi wao, yaani kiongozi mkuu, makamanda wao, filimbi, pinde na mishale. Mwano, yaani yowe la hatari, ukipigwa kila mwanaume anatoka, na asiyetoka analipa faini. Serikali iligawanyika. Polisi na mahakama waliona uvunjaji wa sheria, chama kikaona wananchi wanajilinda. Mwishowe mwaka 1989 sheria ya mgambo ikarekebishwa na sungusungu wakapewa nafasi ndani yake.

Ukiwapima kwa swali letu la nani anamjibu nani, sungusungu wana kitu ambacho polisi hawana. Kamanda wa sungusungu anaishi pale pale. Akimpiga mtu asiye na hatia, kesho atakutana na mama yake kisimani na mjomba wake kilabuni, na mkutano unaofuata unaweza kumvua ukamanda. Anawajibika kwa majirani, uso kwa uso.

Lakini hawajibiki kwenda juu, na gharama yake ilionekana mapema. Faini zilitozwa bila risiti. Watu walichapwa viboko. Adhabu kali kuliko zote ilikuwa kutengwa: hakuna kukuazima moto, kukusalimia wala kukuzikia. Bibi kizee aliyeshukiwa uchawi kwa sababu macho yake ni mekundu hakuwa na pa kukata rufaa, kwa kuwa mkutano uliomhukumu ndio huo huo ambao angeulalamikia. Jamii nzima ikiwa upande mmoja, kumjibu jirani hakumlindi mtu aliye peke yake.

Kwa hiyo anayetaka polisi wawe "wa wananchi" afikirie mara mbili, na anayetaka waachwe wasimamiane wenyewe afikirie mara tatu. Polisi jamii, iliyoanzishwa IGP Said Mwema alipoingia mwaka 2006, na baadaye mpango wa polisi kata, zote zinajaribu kuunganisha pande mbili: mkaguzi mwenye nyota anakaa kwenye kata, anajulikana kwa jina, anaitwa kwenye mkutano wa hadhara. Naipenda hiyo. Kasoro yake ni kwamba taarifa yake ya mwezi inakwenda kwa OCD, haisomwi kijijini, na uhamisho ukitoka anaondoka na alichokijua.

Nani basi anasimamia kwa nje? Ndani ya jeshi kuna dawati la malalamiko na mashtaka ya kinidhamu, na askari hufukuzwa kazi kweli. Ila raia aliyeumizwa huiona ni kesi ya nyani kumpelekea ngedere, hata pale uchunguzi unapokuwa wa haki, kwa sababu haoni unavyofanyika. Kenya waliunda mamlaka huru ya kusimamia polisi, IPOA, kwa sheria ya mwaka 2011. Afrika Kusini wanayo IPID. Sisi hatuna chombo mahsusi cha aina hiyo. Tunayo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoanzishwa na sheria ya 2001, ambayo inapokea malalamiko dhidi ya taasisi yoyote ya umma, polisi wakiwemo. Inachunguza na kupendekeza, na mapendekezo yakipuuzwa sheria inairuhusu kwenda mahakamani.

Badala ya chombo cha kudumu tumezoea tume za baada ya tukio. Mwaka 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva teksi walipouawa Dar es Salaam, Rais aliunda tume ya Jaji Kipenka Mussa. Mwaka 2023 iliundwa tume ya kuboresha taasisi za haki jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ikapendekeza polisi wafumuliwe na kusukwa upya, na hata jina la "Jeshi" liachwe. Baada ya vurugu za uchaguzi wa Oktoba 2025 ikaundwa nyingine, na mwenyekiti akawa Jaji Chande tena. Tume za aina hii huandika vizuri. Lakini tume humaliza kazi ikavunjwa, na wa kufuatilia utekelezaji anabaki yule yule aliyechunguzwa.

Mahakama huwa inafika, ingawa kwa kuchelewa. Kijana mfanyabiashara wa madini aliuawa Mtwara Januari 2022 baada ya kukamatwa na polisi. Askari saba walishtakiwa, na mwaka 2025 Mahakama Kuu iliwahukumu wawili kunyongwa, ikawaachia watano. Kuna pia sheria isiyotajwa sana, ya uchunguzi wa vifo ya mwaka 1980, inayotaka mtu akifia mikononi mwa polisi kifo chake kichunguzwe mbele ya hakimu bila kusubiri mtu afungue kesi ya mauaji. Ndugu wengi hawajui kwamba wanaweza kuidai.

Kwa malalamiko ya kawaida, ya kijana wa bodaboda au mkulima wa Kitunda, njia inaanzia kwa mkuu wa kituo, inapanda kwa OCD hadi RPC, na kutoka hapo inaweza kwenda kwenye Tume ya Haki za Binadamu, au TAKUKURU kama uliombwa hela. Andika barua, baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ndani yake weka tarehe na saa, jina la kituo, namba ya RB (ile uliyopewa kituoni ulipotoa taarifa), na jina au namba ya askari iliyo kwenye sare. Ukisema tu "polisi walinionea", hata mpelelezi mwenye nia njema atakosa daftari la kufungua.